Mwadhini Asiye na Saa

Kabla ya swala ya alfajiri Mwadhini wetu hakuwa akisema na mtu. Ukimkuta uani anatawadha, ukamwamkia, alikuonyesha kidole kimoja juu, maana yake salamu imefika na jibu liko njiani. Sauti yake aliihifadhi kama mwenye duka anavyohifadhi sukari. Akisharudi kutoka msikitini ndipo alipokupitia mlangoni na kusema, "Marahaba, mwanangu, marahaba," akijibu shikamoo ambayo wewe mwenyewe umeshaisahau.

Kwao ni wapi na baba yake ni nani sikuwahi kumuuliza. Siku hizo mpangaji akichimba nasaba ya mwenye nyumba alionekana ananusa urithi. Mimi nilikuwa mke mpya, miaka ya hamsini, na Salimu mume wangu alikuwa dereva wa lori la mkonge. Tulipanga chumba kwa Mwadhini pale Mabawa, Tanga, nyumba ya vyumba sita, ukumbi katikati, paa la madebe yaliyopasuliwa na kunyooshwa. Cha mbele kilikuwa cha kwake, mjane asiye na mtoto. Sisi tulimfuatia. Mlango uliotutazama ulikuwa wa fundi seremala, Mshambaa, Mlutheri wa kanisani kila Jumapili, mtu wa maneno machache na yote ya kuudhi. Vyumba vingine vilikuwa na watu wa kuja na kwenda, siwahesabu.

Msikiti ulikuwa hatua thelathini kutoka barazani kwetu. Haukuwa na mnara. Mwadhini alipanda ngazi nne za saruji zilizojengwa ukutani, akashika masikio, akaadhini, na sauti yake ikafika hadi upande wa pili wa reli. Ilikuwa sauti ya ajabu kwa kile kifua chembamba. Kwenye adhana ya alfajiri, akifikia yale maneno kwamba swala ni bora kuliko usingizi, ilitetemeka kwa namna ambayo sijaisikia kwa mtu mwingine. Wanawake tuliokuwa majumbani tulifuta machozi. Watu walisema yule mzee anaijua ladha ya ibada.

Sifa yake kubwa ilikuwa kwamba hakuwa na saa. Waadhini wengine wa mji walikuwa na saa za ukutani, na mmoja alikuwa na ya mnyororo, lakini wetu alikuwa akijisifu kwa kutokuwa nayo. "Saa ni ya garimoshi," alisema. "Mie naamshwa na aliyeniumba." Na kweli, hakukosea hata siku moja. Masika, kiangazi, mawingu au mbalamwezi, adhana ilitoka kwa wakati wake, na wenye saa za ukutani walizirekebisha kwa kumsikiliza yeye.

Alikuwa na mambo mengine ya kuchekesha. Maji ya mtungini hakunywa mpaka yapashwe moto kidogo, kwa ajili ya koo. Alikuwa akishona kofia ya mkono, ileile moja, tangu nilipohamia mpaka nilipohama, na kila ukimuuliza itakwisha lini alisema inangoja kichwa chake. Kelele hazikupatana naye kabisa. Ukitwanga mpunga asubuhi, alitoka na kusema kwa adabu, "Mwanangu, kinu hicho hakiwezi kungoja jua likapanda?" Fundi aliombwa kupiga randa polepole, na mimi sijui randa hupigwaje polepole.

Na alisinzia. Lo, alisinzia mzee yule! Alisinzia barazani na sindano mkononi. Alisinzia kwa kinyozi, kinyozi akaacha wembe hewani akasubiri. Alisinzia katikati ya maulidi, watu walipoinuka kwa kiamu yeye akainuka nao, macho yamefumba, akasimama vizuri tu, kisha akakaa wenzake walipokaa. Mitaani walinong'ona kuwa anakesha usiku kucha akiswali, pengine ni walii, na yeye akiulizwa alijibu tu, "Usiku una kazi zake." Jibu hilo lilimwongezea uwalii.

Sasa nije kwenye paka, maana huwezi kumweleza mzee yule bila paka.

Alikuwa dume, mweupe mwenye kiraka cheusi jichoni, na hakuwa wa mtu. Alikuja mwenyewe, akaukubali ukumbi wetu, akakaa. Fundi ndiye aliyempa jina la Bwana Shauri, kama tulivyowaita wale maofisa wa serikali waliosikiliza kesi, kwa kuwa alikuwa na kesi kila usiku. Taa zikishazimwa, alianza mlango wa kwanza, akalia. Akaenda wa pili, akalia. Akamaliza milango yote sita kwa haki bila upendeleo, kisha akapanda juu ya madebe. Paka mmoja juu ya paa la madebe ni mkutano mzima. Saa nane za usiku alipigana na paka wa nyumba ya jirani, na aliposhindwa alikuja kutuarifu, na aliposhinda alikuja kutuarifu zaidi. Mchana alilala juu ya ungo wangu, amekunja mikono, huwezi kumsingizia lolote.

Tulijaribu kila dawa. Nilimpa papa mkavu usiku ashibe alale. Papa akamtia kiu, akalia mpaka asubuhi akitaka maji. Fundi akamtengenezea sanduku zuri la mninga lenye bawaba, tukamtia ndani na matambara. Alilia humo kiasi cha wapangaji wote kutoka vyumbani wakiuliza nani anauawa. Tukamtoa, tukafunga sanduku. Akakaa mbele ya sanduku, akalia kwa nini limefungwa. Bibi mmoja jirani akashauri paka anyweshwe kombe, yaani aya zilizoandikwa kwa zafarani na kuoshwa kwa maji. Nikampelekea Mwadhini ombi hilo.

"Kombe?" aliuliza. "Kwa paka?"

"Huenda akatulia, baba."

"Na akitulia akaanza kuswali, maji ya udhu utamtilia weye?"

Nikaondoka na bakuli langu.

Usiku mmoja Salimu alishikwa na hasira. Alivua mtalawanda, kile kiatu cha mti cha kuvalia uani, akautupa ukumbini alikosikia sauti. Paka akaruka. Mtalawanda ukaenda kugonga mlango wa Mwadhini. Mlango ukafunguliwa, mzee akatoka na koroboi, akauona mtalawanda, akamwona Salimu na mguu mmoja mtupu. Ilikuwa karibu na alfajiri, kwa hiyo hakusema neno. Aliinua kidole kimoja juu tu.

Jibu lilikuja baada ya swala. Mwadhini alisimama mbele ya msikiti mzima, Salimu akiwa safu ya kwanza, akahutubia juu ya paka. Alieleza mapenzi ya Mtume kwa kiumbe yule. Alieleza kuwa anayemfukuza paka amefukuza baraka mlangoni. Akamaliza kwa kusema, mkono kifuani, kwamba yeye kwa upande wake sauti ya paka haijapata kumkera hata usiku mmoja, bali humkumbusha Mola wake. Watu wakasema mashaallah. Salimu alirudi nyumbani akalala mchana kutwa kwa aibu, na usiku Bwana Shauri akaanzia mlango wetu.

Mambo yalikaa hivyo mpaka nilipomzaa binti yangu wa kwanza, Mwanaidi. Nilikaa ndani arubaini yangu kama ada, na zile siku arubaini nilizihesabu moja moja kwa macho makavu. Mtoto alikuwa mgumu kulala. Ukimpembeleza saa nzima, kope zikishuka tu, Bwana Shauri anafungua baraza lake. Nilifika mahali nikawa nalia mimi, analia mtoto, analia paka, na fundi anagonga ukuta. Siku ya arubaini na moja nikamwambia Salimu, "Paka huyu anakwenda, la sivyo nakwenda mie."

"Mie nimeshahutubiwa," alisema Salimu.

"Mie sijahutubiwa. Lete gunia."

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, Mwadhini anasinzia barazani. Fundi alishika mdomo wa gunia. Lakini paka anayelia usiku, nani anajua ni paka? Bibi zetu walitufundisha kumwondoa kwa maneno mazuri, usije ukawa umemtia guniani asiyetiwa. Kwa hiyo nilimpa samaki wa ng'onda mzima, nikampigia magoti, nikasema, "Bwana Shauri, hatuna ugomvi nawe. Tuwie radhi, uende salama. Na kama si paka, vilevile uende salama." Fundi akasema kwao milimani paka huondolewa bila risala. Salimu akamtoa kwa mlango wa uani, akampakia kwenye lori, akampeleka Pongwe, akalizungusha gunia mara tatu asijue njia ya kurudi, akamwachia kwenye kambi ya wakata mkonge.

Usiku ule nililala. Siwezi kueleza zaidi ya hapo. Nilizinduka jua likinipiga usoni kupitia dirishani, na kwanza nikadhani mwanangu amekufa. Nikamgusa, akajinyoosha, akatabasamu. Ndipo nilipojiuliza, mbona jua? Mbona sikusikia adhana?

Hakuna aliyeisikia. Haikuadhiniwa. Mtaa mzima ulikuwa umelala. Muuza kahawa alikuwa anakimbia na mabuli yake, watu wa bandarini walikuwa wanavaa mashati njiani. Imamu alikuja kugonga mlango wa Mwadhini, akagonga sana. Mzee akatoka kofia imegeuka, alama za mkeka shavuni. Alitazama jua. Akasema neno moja, "Nimelala," akakaa chini kizingitini.

Siku ya kwanza walisema ni mgonjwa. Siku ya pili, jua tena, imamu akaadhini mwenyewe kwa sauti yake ya mafua. Siku ya tatu vilevile. Siku ya nne wazee wa msikiti walikaa barazani kwetu, na mimi nilikuwa nyuma ya mlango na mtoto begani. Hawakumtukana, walimheshimu, na hilo lilikuwa baya zaidi. Walisema amefanya kazi kubwa, sasa apumzike. Kulikuwa na kijana wa mtaa wa pili, sauti si haba, na alikuwa na saa ya kengele. Ataanza Ijumaa. Mwadhini aliitikia tu, "Sawa, sawa," akiangalia mikono yake.

Uani fundi alinisogelea na msumeno wake. "Mzee anaamshwa na aliyemuumba," alisema. "Naye aliyemuumba alimwekea paka. Nyie saa yake mmeipeleka Pongwe."

Kumbe ndiyo siri! Ndiyo maana hakutaka aguswe. Mtu asiyehitaji saa, alikuwa na saa yenye mkia. Na mimi kwa usingizi wangu nimemvua heshima mzee aliyenipokea kama binti yake, aliyemsomea mwanangu adhana sikioni siku aliyozaliwa. Nilimpelekea uji, akaurudisha. Nilimwona uani akiosha uso mara mbili, mara tatu, macho mekundu. Nililia pia. Salimu aliporudi sikumruhusu hata kukaa.

"Kamrudishe."

"Nani?"

"Salimu, Ijumaa ni keshokutwa. Kamrudishe."

Alhamisi akaenda. Alinisimulia baadaye kwamba hakupata taabu ya kuuliza. Alipotaja tu paka mweupe, watu wa kambi nzima walimzunguka. Usiku tano hawajalala. Wakataji wanachelewa kazini, nyapara amekuwa mbogo, mama mmoja aliyempokea paka kwa huruma amegombana na majirani wote. Walimkamata wenyewe, wakamtia guniani wenyewe, wakampa Salimu na boga kubwa juu, asije akabadili mawazo njiani.

Jioni ile nusu ya mtaa ilikuwa barazani kwetu, kwa kuwa fundi, mtu wa maneno machache, alikuwa ameyatumia yote. Salimu akaliweka gunia mbele ya miguu ya Mwadhini, akafungua. Bwana Shauri akatoka, akajinyoosha, akamtazama mzee, akalia mara moja. Mzee alimtazama muda mrefu. Machozi yakamtoka, yakashuka ndevuni. Akasema, "Alhamdulillahi ala kulli hali." Watu wakashangilia, wengine wakalia naye. Mimi nilikuwa na furaha kiasi kwamba sikukumbuka kuwa maneno yale, shukrani kwa kila hali, sisi huyasema tukifikwa na msiba.

Kesho yake, Ijumaa, adhana ya alfajiri ilitoka kwa wakati wake, na pale pa kutetemeka ilitetemeka kuliko siku zote. Kijana wa saa ya kengele akarudishwa kwao na shukrani. Tangu hapo hakuna aliyethubutu kumkaripia Bwana Shauri. Muuza samaki alimwekea vichwa. Tulikesha naye kama watu wanaolipa deni la heri, na mimi nilipokuwa nampembeleza Mwanaidi kwa mara ya tano usiku nilijiambia, haya, angalau mzee ana kazi yake.

Tulihama baada ya mwaka, Salimu alipopata lori jingine upande wa Pangani. Nikasikia Mwadhini ameacha kazi na kwenda kwa mpwa wake, Mkwaja. Miaka ikapita kama minne hivi. Nikaalikwa harusi hukohuko Mkwaja, na siku ya pili yake nikamwuliza mtu nyumba ya mpwa wa Mwadhini wa Tanga.

Nilimkuta uani, kwenye kitanda cha kamba, chini ya banda la makuti. Nusura nisimjue. Alikuwa amenenepa! Mashavu yalikuwa yamejaa, macho meupe kama ya mtoto. Nilidhani uzee ungemkausha, kumbe umemnawirisha.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu!" Jibu lilikuja papo hapo, bila kidole. "Nani? Mama Mwanaidi! Karibu, karibu. Salimu hajambo?"

Nikakaa kwenye mkeka. Tukaulizana hali za kila mtu, mpaka nikauliza habari za Bwana Shauri.

"Alikufa," alisema. "Nilimzika mwenyewe, kwa mikono yangu, nyuma ya choo. Nilipomaliza kufukia nikalala palepale. Walinikuta adhuhuri, wakasema mzee ameelemewa na majonzi."

"Pole sana, baba. Najua alivyokuwa kwako. Alikuwa ndiye akikuamsha."

Aligeuka akanitazama. "Kuniamsha? Mwanangu, mtu huamshwa akiwa amelala. Mie nililala lini? Tangu paka yule aingie nyumba ile sikupata kufumba jicho. Nilikuwa nakaa kitandani namsikiliza, naingoja alfajiri kama mfungwa, ikifika natoka mbio kuadhini. Ndiyo maana sikukosea."

"Sasa kwa nini hukumfukuza?"

"Ningemfukuzaje? Nilishahutubia! Mbele ya watu wote, mkono kifuani! Mumeo na mtalawanda wake ndiye aliyeniponza." Akatikisa kichwa. "Kisha siku ile, Jumamosi, kukawa kimya. Nikasema nijinyooshe kidogo. Mama Mwanaidi, nililala usingizi ambao sijui niufananishe na nini. Nikaikosa adhana. Nikaona aibu mchana kutwa, nikalia kweli, nikajilaumu. Usiku ukafika, kimya, nikalala tena. Siku tano. Mchana nalia, usiku nalala. Wazee walipokuja kunivua kazi nilikuwa naitikia sawa, sawa, huku namwambia Mola wangu, kumbe ndivyo unavyonistaafisha, alhamdulillahi. Alhamisi mkanifungulia gunia."

"Baba…"

"Aliyemwondoa sijamjua mpaka leo. Sikuuliza, nisije nikalazimika kumhutubia. Lakini nilimwombea kila alfajiri niliyoadhini. Nilisema, ya Rabi, aliyenipa usiku zile tano mpe mume mwema, mpe watoto, mpe afya."

"Na aliyemrudisha?"

Mwadhini alishusha macho, akachezea uzi wa kanzu yake. "Naye nilimwombea. Mungu anisamehe, nilikuwa na hasira. Nilimwomba naye asilale."

Kuku walikuwa wanaparua karibu na miguu yetu. Ningeweza kunyamaza, nikala wali wa mpwa wake, nikaondoka. Lakini mzee yule sikuweza kumdanganya mara mbili.

"Baba," nikasema, "yule wa kwanza ni mie. Na wa pili pia ni mie."

Akauachia ule uzi wa kanzu.

"Nina watoto wanne sasa. Wazima wote, na Salimu ni mume mwema. Lakini tangu siku ile ya gunia sijalala usiku mmoja mzima. Akinyamaza huyu anaanza yule. Dua zako zote mbili zimepokelewa."

Alifunika mdomo kwa mkono. Mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, na machozi yanamtoka vilevile. Kisha akajiweka sawa kitandani, akafungua viganja vyake viwili, akaanza kuniombea upya, polepole, kwa ile sauti ya adhana lakini chini chini. Akaomba watoto wangu walale. Akaomba mama yao alale. Akaomba lolote alilosema kwa uchungu Mabawa lifutwe. Nikawa naitikia amin, amin, mpaka nilipoona maneno yanachelewa, kisha yamekatika. Alikuwa amesinzia kabla ya kufika mwisho, viganja bado viko wazi mapajani. Nikaitikia amin ya mwisho mwenyewe, nikachukua kiatu changu kimoja, nikakaa nacho palepale kuwafukuza wale kuku wasije wakamwamsha.